Pesa za Washington kwa polisi wa miji ya Marekani: nani anashika kamba?

Mkongomani aliyezoea Polisi ya Taifa, yenye mkuu mmoja Kinshasa na makamishna katika majimbo, akifika Marekani anakuta kitu kingine kabisa. Huko hakuna polisi ya taifa inayolinda mitaa. Kila mji una polisi wake, karibu kila kaunti ina sherifu aliyechaguliwa na wakaaji, na majimbo nayo yana askari wao. Vyombo hivyo vyote ni karibu 18,000, na karibu nusu ya polisi za miji zina askari wa kudumu wasiofika hata kumi. Mshahara wao unatoka katika kodi za wakaaji wa pale pale. Rais aliye Ikulu ya Washington hana amri juu ya askari anayezunguka mtaani.

Anachokuwa nacho ni pesa. Kila mwaka serikali kuu hutoa ruzuku, yaani pesa zisizorudishwa, kwa polisi wa miji, masherifu na majimbo. Si nyingi ukizilinganisha na gharama yote. Mwaka 2021 majimbo na serikali za mitaa zilitumia karibu dola bilioni 135 kwa polisi, lakini ruzuku mbili kubwa za Wizara ya Sheria, zinazoitwa Byrne JAG na COPS, huhesabiwa kwa mamia ya milioni tu. Hata hivyo, mishahara na malipo ya uzeeni hula sehemu kubwa ya bajeti ya polisi wa mji. Dola inayotoka nje ndiyo inayonunua kitu kipya: redio, gari, kamera, mafunzo, askari wa ziada. Kwa sababu hiyo mameya huipigania, na kwa sababu hiyo hiyo anayeitoa anaweza kuitilia masharti.

Masharti hayo yanawagusa Wakongomani. Katika mwaka wa bajeti wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na karibu 20,000 kati yao walitoka Kongo, kundi kubwa kuliko yote. Wengi wanaongea Kiswahili, na wamekaa katika miji ya kadiri kama Grand Rapids, Louisville na Lexington. Je, askari anayewasimamisha barabarani atauliza karatasi zao za uhamiaji? Je, mama akienda kushtaki wizi, kituo kitamtafutia mkalimani? Kwa sehemu, majibu yamo katika karatasi ambayo mji ulitia sahihi siku ulipopokea pesa.

Kuamuru hapana, kuweka masharti ndiyo

Mpaka huo uliwekwa na mahakama. Miaka ya 1990, Bunge la Marekani lilitunga sheria iliyowataka wakuu wa polisi na masherifu wachunguze kila mtu anayetaka kununua bastola. Sherifu mmoja wa Montana, Jay Printz, alikataa kufanya kazi ya Washington bila hiari yake, akaenda kushtaki. Mwezi wa sita 1997 Mahakama ya Juu ilimpa haki, kwa kura 5 dhidi ya 4: serikali kuu haiwezi kumfanya askari wa jimbo au wa kaunti kuwa mtumishi wake.

Lakini mlango wa pesa ulibaki wazi. Miaka 10 kabla ya hapo, mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba Washington inaweza kuyakata majimbo sehemu ya pesa za barabara kama yanawauzia pombe vijana ambao hawajafika miaka 21. Sehemu hiyo ilikuwa asilimia 5 tu, na majimbo yakatii. Sharti liwe limeandikwa wazi, lihusiane na kazi ambayo pesa zimetolewa kuifanya, na lisiwe kubwa kiasi cha kuwa amri iliyovaa nguo ya zawadi. Karibu kila ugomvi wa baadaye kati ya Washington na miji juu ya polisi umezunguka hapo.

Ruzuku hizi zilianza kwa ukubwa mwaka 1968, wakati Rais Lyndon Johnson alipotia sahihi sheria ya kupambana na uhalifu, katika mwaka wa maandamano na mauaji ya kisiasa. Ofisi iliyoundwa kuzigawa ilimwaga pesa nyingi, ikalaumiwa kwa kununua vifaa kuliko kupunguza uhalifu, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikafungwa. Wazo lenyewe halikufa.

Askari aliyekufa mbele ya nyumba ya mgeni

Jina Byrne ni la Edward Byrne, askari wa New York mwenye miaka 22. Usiku wa tarehe 26 mwezi wa pili 1988 alikuwa peke yake ndani ya gari la polisi, katika mtaa wa South Jamaica, Queens, akilinda nyumba ya shahidi. Watu waliotumwa na mfanyabiashara wa madawa ya kulevya, aliyekuwa tayari gerezani, walimkaribia na kumpiga risasi kichwani. Nchi nzima ilishtuka. George Bush baba, aliyekuwa akigombea urais mwaka huo, alipewa beji ya askari huyo na baba mzazi wa marehemu, akaihifadhi. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha ruzuku mpya ya kupambana na madawa ya kulevya, ambayo leo inabeba jina la kijana yule.

Jambo moja katika habari hiyo husahauliwa mara nyingi. Shahidi aliyekuwa akilindwa alikuwa mhamiaji kutoka Guyana. Alikuwa amewaita polisi mara nyingi juu ya watu waliouza madawa mtaani kwake, nyumba yake ikachomwa moto, naye hakunyamaza. Ruzuku kubwa ya polisi wa Marekani, kwa maneno mengine, ina jina la askari aliyekufa kwa sababu mgeni mmoja aliwaamini polisi. Miaka 29 baadaye pesa zenye jina hilo zilikuja kuwa fimbo katika ugomvi juu ya wageni.

Jinsi zinavyogawanywa si siri. Tangu 2005 Byrne imeunganishwa na mfuko mwingine, na fungu la kila jimbo hupimwa kwa idadi ya wakaaji na kiasi cha uhalifu wa kutumia nguvu. Katika fungu hilo, asilimia 60 huenda kwa serikali ya jimbo na asilimia 40 kwa miji na kaunti moja kwa moja. Msomaji wa Kongo atatabasamu akiiona namba hiyo: kifungu cha 175 cha Katiba ya 2006 nacho kinazipa majimbo yetu asilimia 40 ya mapato ya taifa, zikatwe pale pale zinapokusanywa, na ubishi juu ya pesa hizo haujaisha mpaka leo. Tofauti ni kwamba Marekani hesabu ya kila mji hutangazwa mwaka kwa mwaka, dola kwa dola. Mji ambao fungu lake halifiki dola 10,000 haupewi moja kwa moja. Sehemu yake inaingia katika kapu la jimbo, na mkuu wa polisi anakwenda kuomba huko.

Kijiko cha kwanza bure

Ruzuku ya pili, COPS, ilizaliwa tarehe 13 mwezi wa tisa 1994, wakati Bill Clinton alipotia sahihi sheria kubwa ya uhalifu. Ahadi ilikuwa askari wapya 100,000 mtaani, kwa dola bilioni 8.8 katika miaka sita. Walitakiwa wawe askari wa kutembea kwa miguu, kujua majina ya watu, kuingia madukani na makanisani, badala ya kupita tu na gari vioo vikiwa vimefungwa.

Mwaka 1999 Clinton alitangaza kwamba pesa za askari 100,000 zimekwisha kutolewa. Watafiti waliotumwa na Wizara ya Sheria yenyewe walihesabu kwa namna nyingine: walikadiria kwamba askari walioongezeka kweli wangefika kati ya 69,000 na 84,600 wakati programu ikiwa juu kabisa. Pesa zimetolewa ni jambo moja, askari amesimama mtaani ni jambo lingine. Miji mingine ilichelewa kuajiri, mingine ilitumia pesa hizo kulipa watu ambao ingewaajiri tu hata bila ruzuku.

Ugumu uko katika mkataba. Kwa kawaida COPS hulipa hadi asilimia 75 ya mshahara wa askari anayeanza kazi, kwa miaka mitatu, na ina kiwango cha juu kwa kila askari. Mji unaongeza sehemu iliyobaki. Miaka mitatu ikiisha, mji unapaswa kumweka askari huyo miezi 12 zaidi kwa pesa zake wenyewe. Kwa New York au Chicago hilo si neno. Kwa mji wenye askari wanane, mmoja wa ziada ni mzigo ambao baraza litaubeba miaka 25 na kumalizia na malipo ya uzeeni, kwa hiyo madiwani hukaa usiku kubishana kama wakubali zawadi au waikatae.

Mwaka 2009, katikati ya msukosuko wa uchumi, serikali ya Barack Obama iliondoa sharti la mchango wa mji na kuweka dola bilioni 1 mezani. Maombi zaidi ya 7,000 yalifika, yakiomba jumla ya dola bilioni 8.3. Waliopata ni 1,046, kwa askari 4,699. Kwa kila mji uliopata, sita hivi zilirudi mikono mitupu. Na kwa kuwa wizara ilitoa alama kwa kila ombi na kukata mstari mahali fulani, wanauchumi walipata nafasi adimu: kulinganisha miji iliyokuwa juu kidogo ya mstari na ile iliyokuwa chini yake. Utafiti uliochapishwa 2019 uliona kwamba miji iliyopata iliongeza askari kwa asilimia 3 na kidogo, na hasara za uhalifu zikapungua kwa kiasi cha karibu hicho hicho. Mapema zaidi, mwaka 2005, ofisi ya wakaguzi wa Bunge ilikuwa imesema kwamba COPS ilichangia sehemu ndogo ya kushuka kwa uhalifu katika miaka ya 1990: katika asilimia 26 zilizoshuka, asilimia 1.3 hivi zilitokana na ruzuku hiyo.

Kwa hiyo pesa hizi si bure. Askari zaidi, wizi na unyang'anyi kidogo kupungua. Swali lililobaki ni askari hao wanaambiwa wahesabu nini.

Tulia, Texas

Hesabu mbaya ilionekana wazi Texas. Asubuhi ya tarehe 23 mwezi wa saba 1999, katika mji mdogo wa Tulia wenye watu karibu 5,000, polisi waliwatoa watu kitandani na kuwaonyesha mbele ya kamera za televisheni, wengine wakiwa hawajavaa vizuri. Waliokamatwa walikuwa 46, na karibu 40 kati yao walikuwa Weusi, sehemu kubwa ya Weusi watu wazima wa mji ule. Ushahidi wote ulitoka kwa mpelelezi mmoja wa siri, aliyedai kwamba wote walimuuzia kokeini. Hakuwa na sauti iliyorekodiwa, hakuwa na shahidi wa pili, na siku ya msako hapakupatikana madawa wala pesa za kueleweka. Wakulima na wafanyakazi wa mashamba walihukumiwa kama wakubwa wa biashara ya madawa. Mmoja alipewa miaka 90.

Mpelelezi huyo alikuwa wa kikosi cha kikanda kilichoishi kwa pesa za Byrne. Texas ilikuwa na vikosi vingi vya namna hiyo wakati ule. Havikuwa chini ya mkuu wa polisi mmoja anayejulikana, na moja ya namba zilizopelekwa juu kila mwaka kuonyesha kwamba kazi imefanyika ilikuwa idadi ya watu waliokamatwa. Kikosi kinachokamata wengi kilikuwa na hoja nzuri ya kuomba tena.

Mwezi wa nane 2003 gavana Rick Perry aliwasamehe 35 kati ya waliohukumiwa. Mwaka 2005 mpelelezi alipatikana na hatia ya kusema uongo chini ya kiapo, akapewa kifungo cha nje. Hakuna mtu Washington aliyeamuru msako ule. Hapakuwa na haja ya kuamuru, kwa kuwa fomu ilikuwa tayari imeuliza idadi.

Chicago yagoma

Tarehe 25 mwezi wa saba 2017, Jeff Sessions, mwanasheria mkuu wa Donald Trump, alitangaza masharti mapya ya Byrne JAG. Mji unaotaka pesa utawaruhusu maafisa wa uhamiaji kuingia gerezani kwake kuwahoji wageni, utawapa taarifa saa 48 kabla ya kumwachia mgeni wanayemtafuta, na utathibitisha kwamba hauzuii taarifa za uraia kwenda kwao. Shabaha ilikuwa miji inayoitwa ya hifadhi, ile ambayo kwa sheria zake polisi hawaulizi karatasi za uhamiaji.

Chicago ilikataa. Mwaka uliotangulia, mji huo na majirani zake 10 walipata dola milioni 2.33, wakanunua magari, redio, bastola za umeme na vifaa vya kikosi maalumu. Ni kiasi kidogo sana kwa mji wa ukubwa ule, lakini meya Rahm Emanuel aliona kwamba anayekubali sharti moja kwa milioni mbili atakubali la pili kwa tatu. Hoja ya mji mahakamani ilikuwa rahisi: mgeni akijua kwamba kumpigia simu askari ni kumwita afisa wa uhamiaji, hatapiga simu, na mwizi, muuaji, mume anayempiga mke, wote watalala vizuri. Wakazi wa South Jamaica wa mwaka 1988 wangeielewa hoja hiyo bila wakili.

Mwezi wa tisa hakimu alisimamisha mawili ya masharti hayo, na mwezi wa nne 2018 mahakama ya rufaa ikaunga mkono: Bunge ndilo linaloshika mfuko, na Bunge halikumpa mwanasheria mkuu ruhusa ya kubuni masharti yake. Philadelphia nayo ilishinda. Lakini New York ilishindwa mbele ya mahakama nyingine ya rufaa mwaka 2020. Na juu ya COPS, Los Angeles ilishindwa mwaka 2019, kwa sababu ruzuku hiyo ni ya mashindano, si haki ya kila mji, na wizara iliruhusiwa kumpa alama za ziada anayesaidia uhamiaji. Kesi ya Byrne ilikuwa njiani kwenda Mahakama ya Juu wakati serikali ilipobadilika. Mwezi wa tatu 2021 watu wa Joe Biden waliiondoa, na swali likabaki bila jibu la mwisho.

Kamba inavuta pia upande wa pili

Lingekuwa kosa kudhani kwamba masharti ya Washington ni ya kuwaumiza wageni tu. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inasema anayepokea pesa za serikali kuu haruhusiwi kumbagua mtu kwa rangi au asili yake. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu, katika kesi ya wanafunzi Wachina wa San Francisco, iliona kwamba kumwacha mtu bila msaada kwa sababu ya lugha kunaweza kuwa ubaguzi wa asili. Mwaka 2000 Clinton alitoa amri iliyozitaka ofisi zote za serikali kuu kufuatilia jambo hilo kwa wanaopokea ruzuku, polisi wakiwemo. Kipimo chake kilikuwa na mambo manne: wanaoongea lugha hiyo ni wangapi, wanakutana na polisi mara ngapi, jambo lenyewe lina uzito gani, na chombo kina uwezo gani. Kwa hiyo polisi wa mji wenye Wakongomani wengi walipaswa kufikiria Kiswahili, si Kihispania peke yake.

Neno hilo lina uzito wa damu kwa Wakongomani wa Michigan. Tarehe 4 mwezi wa nne 2022, Patrick Lyoya, kijana wa miaka 26 ambaye familia yake ilitoka Kongo kama wakimbizi mwaka 2014, alisimamishwa na askari huko Grand Rapids kwa sababu plaki haikulingana na gari. Katika video, moja ya maswali ya kwanza ya askari ni kama anaongea Kiingereza. Patrick alijibu ndiyo. Dakika chache baadaye, baada ya kukimbia kidogo na kushindana juu ya bastola ya umeme, alikuwa kifudifudi chini, askari juu yake, na risasi moja ikampiga nyuma ya kichwa. Baba yake alizungumza na dunia kwa Kiswahili, mkalimani akiwa kando yake.

Askari alifukuzwa kazi na kushtakiwa kwa mauaji. Utetezi wake ulikuwa kwamba aliogopa maisha yake kwa kuwa Patrick alishika ile bastola ya umeme. Mwezi wa tano 2025 baraza la wazee wa mahakama lilishindwa kukubaliana, na mwendesha mashtaka akaamua kutorudia kesi.

Jambo dogo katika faili hiyo linahusu ruzuku. Tangu 2015 Washington imekuwa ikisaidia miji kununua kamera za kifuani, ikianza na zaidi ya dola milioni 23 kwa vyombo 73. Kamera ya askari huyo ilizimika katikati ya mapambano, kitufe kikiwa kimebanwa. Picha zilizoonyesha risasi zilitoka katika simu ya abiria aliyekuwa na Patrick.

Sheria ya 1994, ile ile iliyoleta COPS, ilikuwa imeipa pia Wizara ya Sheria uwezo wa kuchunguza polisi wa mji mzima na kuwashtaki kama uvunjaji wa haki umekuwa desturi yao. Uwezo huo nao unategemea nani yuko ofisini. Tarehe 21 mwezi wa tano 2025 wizara ilitangaza kwamba inaacha kesi zake dhidi ya polisi wa Minneapolis na Louisville. Miezi miwili na nusu kabla yake, Trump alikuwa amefuta amri ya Clinton juu ya lugha, katika amri iliyofanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani. Sheria ya 1964 bado ipo, na mji unaopokea ruzuku bado unaweza kushtakiwa. Kilichoondoka ni ofisi iliyokuwa ikipita kukagua.

Bei mpya

Mwezi wa nne 2025 Wizara ya Sheria ilikata kwa siku moja ruzuku zaidi ya 350, ambazo thamani yake ya mwanzo ilipita dola milioni 800. Nyingi zilikuwa za mashirika ya mitaani yanayozuia visasi vya vijana, ya kusaidia waliodhulumiwa, ya utafiti. Mwezi huo huo hakimu wa San Francisco aliizuia serikali kuinyima pesa miji na kaunti 16 zilizoshtaki juu ya hifadhi, na mwezi wa nane akaongeza nyingine, Chicago, Boston na Los Angeles zikiwemo.

Lakini safari hii Washington haikutegemea kutisha peke yake. Ilipandisha bei. Sheria ya 1996 ina kifungu kinachojulikana kwa namba yake, 287(g), kinachoruhusu polisi wa mji au sherifu kufanya kazi ya uhamiaji chini ya ICE, idara inayokamata na kufukuza wageni. Kwa miaka mingi aliyejiunga alijilipia mwenyewe. Mwanzoni mwa 2025 mikataba ilikuwa 135 hivi. Kufikia mwezi wa tisa ilipita 1,000. Na kuanzia tarehe 1 mwezi wa kumi 2025, kwa pesa zilizotoka katika sheria kubwa ya bajeti ya mwezi wa saba, ICE ilisema italipa mshahara wote na marupurupu ya kila askari aliyefunzwa kwa kazi hiyo, pamoja na saa za ziada hadi robo ya mshahara. Juu yake kuna zawadi ya kila miezi mitatu: kikosi kinachofanikiwa kuwapata asilimia 90 au zaidi ya wageni waliotajwa na ICE, dola 1,000 kwa kila askari, asilimia 80, dola 750, asilimia 70, dola 500.

Diwani wa mji mdogo anaweza kuziweka karatasi mbili mezani. COPS inamlipia robo tatu ya askari na kumdai amweke baada ya miaka mitatu. Nyingine inamlipia askari mzima na zawadi juu, kwa kipimo cha watu waliopatikana. Waliokumbuka Tulia hawakuhitaji kuelezwa.

Si kila mahali pana hiari. Florida inawalazimisha masherifu wenye magereza wajiunge na mpango huo, Illinois inawakataza. Katika majimbo mengine uamuzi ni wa pale pale mjini, na hapo njia za ruzuku mbili zinaachana. Sheria ya Byrne JAG inataka ombi liwekwe mbele ya baraza la mji siku 30 kabla ya kupelekwa Washington, na wakaaji wapewe nafasi ya kusema, na mkimbizi aliyefika mwaka jana ni mkaaji kama wengine. Sheria ya 287(g) haina sharti hilo. Mara nyingi zinatosha sahihi mbili: ya sherifu na ya ICE.